Baba Akipata Ajali, Nani Anashika Bomba la Dawa?

Najua wengi mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya kantangaze kwenye nyanya, na itakuja. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwenye mafunzo yetu ya kilimo biashara huwa halipewi hata ukurasa mmoja: ajali ya barabarani inapomwacha mzazi hai, lakini hawezi tena kazi aliyokuwa anaifanya, na watoto bado wako shuleni.

Nasema hai kwa makusudi. Mtu akifariki, kijiji kinajua la kufanya. Turubai linafungwa, rambirambi zinachangwa, baba wadogo na wajomba wanakaa kikao cha ukoo, na mwisho wa kikao inajulikana nani atawasomesha watoto. Mzazi akirudi nyumbani na ulemavu, hakuna kikao. Watu wanakuja kutoa pole, wanaacha mchele na sabuni, wanasema tumshukuru Mungu yuko hai, wanaondoka. Baada ya wiki 3 ile nyumba inabaki yenyewe na shamba lake.

Na hawa ni wengi kuliko wanaozikwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, wakati wanaoumia bila kufa ni kati ya milioni 20 na milioni 50, na wengi wao hubaki na ulemavu. Sasa fikiria wewe mwenyewe unavyoishi. Pembejeo unafuata kwa pikipiki. Matenga unapandia juu yake kwenye kirikuu. Alfajiri uko barabara kuu pamoja na malori yanayoshuka Kitonga. Kilimo chetu huku Iringa kipo shambani nusu, nusu nyingine kipo barabarani.

Ukimuuliza mtu kwa nini mtoto wa mzazi aliyeumia anaacha shule, jibu la haraka ni ada. Mimi nimezunguka kaya za wakulima miaka mingi na jibu hilo silikubali. Ada ya shule za serikali kuanzia awali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, na kidato cha tano na cha sita ikafuata 2022. Sare, madaftari, chakula cha mchana na nauli vipo, sikatai, na vinauma. Ila kinachomtoa mtoto wa mkulima darasani ni saa. Baba alikuwa na saa zake za kazi kwa wiki. Siku ya ajali zile saa zinabaki zinaning'inia, na shamba halijui kwamba kuna mtu amelazwa. Nyanya zinataka maji, ng'ombe anataka majani. Mtu wa karibu asiyelipwa ni mtoto.

Nichukue kaya moja ninayoifahamu vizuri. Kijiji sitataja. Baba ana miaka 40 na kidogo, alikuwa analima ekari 1 ya nyanya za kumwagilia bondeni na mahindi mlimani, na ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Watoto ni 3: binti alikuwa kidato cha tatu, kijana darasa la saba, na mdogo darasa la pili. Mwezi wa 5, baba akitoka mjini na pikipiki, amefunga dawa na mbolea nyuma, kirikuu ikalipita lori vibaya ikamfuata upande wake. Aliumia uti wa mgongo. Miguu haikurudi.

Wakati ule miche ilikuwa na wiki 3 tangu ihamishiwe shambani. Mnaolima nyanya mnajua maana yake: fedha yote imeshazikwa ardhini na bado hujaona hata tenga moja.

Mama alikaa naye hospitali karibu miezi 2. Binti akawa mama wa nyumba. Waliporudi, watu walidhani sasa mambo yatakuwa mepesi, kumbe ndo yakaanza. Mgonjwa wa uti wa mgongo asiyejiweza lazima ageuzwe kitandani kila baada ya kama saa 2, mchana na usiku, la sivyo anapata vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo huua. Kuna mpira wa mkojo wa kuangaliwa, kuna choo, kuna kuoga. Mama na binti waligawana usiku: mama mpaka saa 8, binti kuanzia saa 8 mpaka asubuhi. Halafu huyo binti anatembea kilomita 5 kwenda sekondari ya kata, anaketi kwenye kipindi cha fizikia. Analala. Mwalimu anaona mtoto mvivu wa kike ambaye huenda ameanza mambo ya wavulana, na kwa kweli maneno hayo yalisemwa. Mwezi wa 8 akaacha kwenda.

Kijana wa darasa la saba hakuacha. Yeye alikuwa anakatika. Niliomba mwalimu wa darasa anioneshe daftari la mahudhurio, na pale nikaona kitu ambacho bwana shamba yeyote angekisoma bila miwani. Utoro wake ulikuwa na ratiba ya nyanya. Kila Jumanne na Ijumaa hayupo, kuanzia katikati ya Julai. Hizo ndizo siku za kuvuna, kwa sababu gari la dalali linapita jioni. Jumatano yupo, lakini Jumatano hiyo ni siku baada ya kubeba ndoo kutwa. Na Jumatatu moja kati ya mbili hayupo: siku ya kupiga dawa.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mtoto wa miaka 13 amebeba bomba la lita 16 mgongoni, hana barakoa wala buti, anapiga sumu ya kantangaze. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18, na kuchanganya na kupuliza viuatilifu ni kazi hatarishi, hakuna mjadala hapo. Lakini ukimwambia mama hivyo halafu ukaondoka, hujamsaidia. Angempa nani bomba?

Jambo jingine niliseme hapa kwa sababu wasomaji wangu ndio wahusika. Siku zile ambazo kwao hakuna kuvuna, yule kijana alionekana akivuna kwenye mashamba ya watu. Wakulima vijana, wenzenu, walimpa kazi kwa nia njema kabisa. "Tunamsaidia, baba yake mgonjwa." Akilipwa elfu 3 anapeleka nyumbani, kila mtu anajisikia vizuri. Ila saa 4 asubuhi siku ya Alhamisi mtoto wa darasa la saba akiwa shambani kwako, umeinunua siku yake ya shule kwa elfu 3, tena mwaka wa mtihani. Kama una elfu 3 ya kumsaidia, tuma kibarua mtu mzima akavune kwao.

Mdogo wa darasa la pili hakuna aliyemwangalia sana. Alikuwa anakwenda shule kila siku. Anakwenda bila uji, anarudi, hakuna wa kumsomesha jioni, maana aliyekuwa anamkalisha na kitabu ni dada yake. Mpaka leo kusoma kwake kuna kigugumizi, na huyu ndiye ambaye daftari la mahudhurio linasema hana tatizo.

Tulihesabu saa

Mwezi wa 9 nilikaa na mama yao, baba akiwa kitandani anasikiliza, tukafungua daftari. Nilimwambia tusihesabu hela kwanza, tuhesabu saa za wiki. Kumwagilia ekari 1 kwa pampu na mfereji, mara 3 kwa wiki, kila mara saa 4: saa 12. Kupiga dawa, saa 5. Palizi, kufunga na kupunguza matawi, saa 8. Ng'ombe, kukata majani na kukamua, saa 2 kila siku: saa 14. Jumla saa 39, na hapo kuvuna hatujaweka, wala mahindi. Kati ya hizo baba alikuwa anabeba kama 30. Halafu ongeza kazi ambayo mwanzo haikuwepo kabisa, kumhudumia yeye: saa 4 kwa siku bila kuhesabu usiku, yaani 28. Pengo ni saa 58 kila wiki.

Wiki ya shule, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana kwa siku 5, ni saa 35. Yaani lile pengo lilikuwa linataka kumeza mtoto mmoja mzima na zaidi ya nusu ya mwingine. Na ndivyo ilivyokuwa: binti mzima, na nusu ya kijana. Mama alinyamaza muda mrefu. Baba ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Bwana shamba, kumbe nimewatoa mimi."

Nikamwambia hapana mzee, ni ekari. Ekari 1 ya nyanya ilipangwa kwa mwili wako wa zamani.

Ushauri ambao familia ilikuwa inapewa na karibu kila mtu ulikuwa kuuza. Uza shamba la bondeni, mtibiwe, mle. Mimi nawaambia vijana, shamba la maji likiuzwa kwenye dharura linauzwa kwa nusu ya thamani, na halirudi. Kodisha. Walikodisha robo 3 za ekari kwa kijana mmoja wa kilimo biashara kwa misimu 2, kodi ikalipwa kwa mkupuo, makubaliano yakaandikwa mbele ya mtendaji wa kijiji. Robo ekari iliyobaki tukafunga mipira ya matone kwa sehemu ya kodi hiyo. Kumwagilia ikabaki kufungua koki na kusubiri, karibu saa 1 kwa wiki nzima. Dawa, saa 1 na robo. Palizi na kufunga, saa 2. Ng'ombe akaenda kwa jirani kwa kugawana maziwa nusu kwa nusu. Nusu ya maziwa bila jasho ni bora kuliko maziwa yote kwa mgongo wa mtoto. Kazi ya saa 39 ikawa haifiki 5, na inafanywa na mama au kibarua mmoja wa nusu siku. Kipato kilishuka, nisiwadanganye. Mwaka ule walikula mahindi yao na wakauza kidogo sana.

Upande wa huduma ya baba, mabadiliko yaliletwa na mazoezi. Alipofundishwa kujigeuza mwenyewe, kujiinua kwa mikono kutoka kitandani kwenda kwenye kitimwendo, na kujinyanyua kila mara anapokaa ili damu ipite, zile saa 28 zikashuka kama kwenye 10. Zingatia hili: mtaalamu wa mazoezi ya viungo alirudisha shuleni mtoto mmoja bila kumwona. Familia nyingi zinatumia hela yote kwenye upasuaji na dawa, halafu kliniki ya mazoezi wanairuka kwa kukosa nauli. Kama mnachanga kwa ajili ya jirani, changieni nauli hiyo.

Baba sasa anakuza miche. Tulitengeneza meza za mbao zenye urefu wa sentimita 75, chini wazi ili magoti na kitimwendo viingie, juu neti ya kivuli. Anasia kwenye trei, anamwagilia kwa mpira wenye kichwa cha manyunyu, na ndani ya wiki 4 hadi 5 mche wa nyanya umeshakuwa tayari. Wateja ni vijana wanaotaka miche 3,000 au 5,000 na hawana muda wa kitalu. Simu iko mkononi kutwa, madalali wote anawajua kwa miaka 15, sasa hata wenzake wanampigia kuuliza bei ya tenga kabla hawajavuna. Msimu wa kwanza alipoteza trei nyingi kwa kinyaushi, ugonjwa wa kulaza miche, kwa sababu alimwagilia jioni sana. Msimu wa pili hakupoteza nyingi.

Makaratasi

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo vijana mnaipuuza. Aliyemgonga baba yule alikuwa na bima. Siku ya 4, ndugu wa mwenye gari walifika wodini na laki 5 na karatasi ya kusaini kwamba tumeyamaliza. Mama hakusaini kwa sababu shemeji yake alimwambia asubiri. Huyo shemeji apewe maua yake. Bima ndogo, ile ya lazima kisheria kwa kila chombo cha moto, kazi yake ni kumlipa mtu wa tatu aliyeumizwa. Ukisaini karatasi ya kienyeji umejifungia mlango. Kinachotakiwa ni PF3 ya polisi, taarifa na ramani ya ajali kutoka trafiki, ripoti za hospitali, risiti zote, na namba ya bima ya gari, ambayo unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya usajili. Madai ya kuumizwa yana ukomo wa miaka 3 mahakamani, usikae nayo. Kampuni ikizungusha, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Familia hii walizungushwa zaidi ya mwaka. Walicholipwa kilimaliza madeni ya matibabu na kununua kitimwendo kizuri chenye mto wake.

Lakini geuza upande. Kama wewe ndiye ulianguka mwenyewe na pikipiki yako kwenye kona, ile bima ndogo haikulipi wewe chochote. Hata bima kubwa kimsingi inatengeneza chombo. Mwili wako unahitaji kipengele cha ajali binafsi, ambacho unakiomba na kukilipia. Wakala wengi hawakitaji usipouliza. Mna watoto, ulizeni.

Na mliokwisha kuajiri: dereva wa trekta, msimamizi wa shamba, kijana wa kupeleka mzigo sokoni. Huyo naye ni baba wa mtu. Mwajiri anatakiwa kujisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kuchangia asilimia 0.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na fedha hiyo inatoka kwako, humkati yeye. Akiumia akiwa kazini mfuko unabeba matibabu, na ulemavu wa kudumu unalipiwa. Kwa mshahara wa laki 3 hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Nimeona vijana wanaonunua vocha kubwa kuliko hiyo kwa siku moja, halafu dereva wao anapasuka nyonga na watoto wake wanaonekana sokoni wakiuza karanga saa za shule.

Waliorudi

Kijana wa darasa la saba alifanya mtihani wake Septemba akiwa amekosa karibu theluthi ya muhula. Alifaulu kwenda sekondari ya kata, kwa alama ambazo mwalimu wake anasema si zake. Hisabati ndiyo imeumia zaidi. Yuko shuleni kila siku sasa, Jumanne na Ijumaa zikiwemo.

Binti alirudi Januari. Wengi hawajui kwamba Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unaruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi kwenye mfumo rasmi, si wale waliopata ujauzito peke yao kama inavyosemwa mitaani. Alikwenda na mama yake na barua ya mtendaji, akarudia kidato cha tatu. Anakaa na watoto waliokuwa nyuma yake, na wapo wanaomwita bibi. Mwalimu aliyedhani ni mvivu alipoelezwa habari ya zile usiku alimpangia mwenzake wa kusoma naye. Shule haikuwa na njia ya kujua. Hakuna fomu inayosema mzazi wa mtoto huyu amepata ulemavu. Mzazi mwingine, au wewe jirani, ndiye wa kwenda kumwambia mwalimu wa darasa ndani ya wiki ya kwanza, kabla mtoto hajapewa jina la mtoro. Na afisa ustawi wa jamii wa kata aambiwe pia, asisubiriwe aje.

Kwa binti huyu kuna hatua moja imebaki mbele. Akifika chuo, Bodi ya Mikopo huwaangalia kwa namna ya pekee waombaji ambao wazazi wao wana ulemavu, lakini inataka fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Mwezi uliopita nilimkuta ameweka nakala za ripoti zote za hospitali za baba yake kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku lake la shule, chini ya kaptula ya michezo. Nikamwambia apige na picha kwa simu ya baba, maana panya wa msimu huu hawajui ripoti ya daktari.